Jasho Lako Lisiishie Mikononi mwa Mwizi wa Simu



Zamani siku ya mshahara ilikuwa siku ya mstari. Mfanyakazi alisimama mbele ya dirisha la karani, akaitwa jina lake, akatia dole gumba kitabuni, akapokea noti zake mkononi. Mwizi aliyezitaka noti hizo ilimbidi amvizie njiani, katikati ya miwa au nyuma ya kilabu cha pombe. Wezi wa namna hiyo tuliwajua, na dawa yao tuliijua: siku ya mshahara hakuna aliyerudi kambini peke yake.

Leo mambo yamegeuka. Pesa za simu zilianza hapa Uganda mwaka 2009, na tangu hapo waajiri wengi wameacha dirisha la karani na kutuma mishahara katika simu. Faida yake ipo, wala hatuipingi. Mama aliyebaki Arua anapata fedha za karo siku ile ile mumewe anapolipwa Jinja, na hakuna anayesafiri usiku na noti ndani ya soksi. Lakini mwizi naye amehama. Hajifichi tena kwenye miwa. Amekaa chumbani, mbali nawe, na mbele yake ana simu na orodha ya namba. Hana panga. Silaha yake ni maneno.

Makala hii inaeleza jinsi mwizi huyu anavyofanya kazi, kwa nini anapenda kutufuata sisi wenye mshahara mdogo, na jinsi ya kujikinga. Kujikinga hakuhitaji elimu kubwa. Kunahitaji mtu ajue kukataa na ajue kuuliza.

MLANGO ANAOINGILIA

Watu wengi hudhani kuwa mwizi wa simu ni fundi mkubwa wa mitambo, anayeweza kuingia katika simu yoyote na kuchota fedha. Mafundi wa namna hiyo wapo. Mwezi Oktoba 2020, hapa Uganda, wezi waliingia katika mtambo wa kampuni moja iliyokuwa ikiunganisha mabenki na kampuni za simu, na huduma ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu ikasimamishwa kwa muda. Wizi kama huo mfanyakazi hawezi kuuzuia. Ni kazi ya kampuni zenyewe, ya Benki Kuu na ya polisi.

Lakini wizi unaowamaliza wenzetu makambini kwa kawaida si huo. Fedha zako katika simu zimefungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ni namba ya siri. Mwizi aliye mbali hana ufunguo huo. Basi njia zake kubwa ni mbili: akufanye umtajie namba ya siri, au akufanye uibonyeze wewe mwenyewe ili fedha ziende kwake. Hapo anayefungua mlango ni mwenye nyumba.

Ili ufungue, mwizi anagusa vitu ambavyo kila binadamu anavyo: hofu, tamaa na huruma. Halafu juu ya hivyo anaweka haraka. "Fanya sasa hivi, usikate simu, usimwambie mtu." Akikupa nafasi ya kumwuliza jirani, amekwisha. Kwa hiyo alama ya kwanza ya mwizi, hata kabla hujajua anataka nini, ni kukuharakisha na kukutenga na wenzako. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na hapa baraka inayopotea ni mshahara wa mwezi mzima.

HILA ZAO

Hila ya kwanza ni fedha "zilizokosea njia". Unapata ujumbe kwamba umepokea shilingi 280,000 kutoka kwa mtu usiyemjua. Dakika haijapita, simu inalia. Mtu anasema kwa sauti ya huzuni: "Mzee wangu, nimekosea namba moja tu. Hizo ni fedha za mgonjwa wangu, naomba unirudishie." Wewe una huruma, tena u mwaminifu, unamtumia. Kumbe hakuna fedha iliyoingia. Ujumbe ule aliuandika mwizi mwenyewe, akaiga maneno ya kampuni. Fedha ulizotuma ni zako.

Shika neno hili: ujumbe si fedha. Fedha ni salio. Kabla ya kufanya lolote angalia salio lako mwenyewe, kwa kubonyeza *165# ukiwa na laini ya MTN, au *185# ukiwa na laini ya Airtel. Tazama pia ujumbe umetoka wapi; ukiwa umetoka kwa namba ya kawaida ya mtu, ni wa mtu. Na kama fedha zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea aende kwa kampuni yake ya simu, zirudishwe kwa utaratibu. Wapo wezi wanaopitisha fedha za wizi katika simu ya mtu mwema, ili polisi wakifuata nyayo waishie kwake.

Hila ya pili ni simu ya "ofisi". Mtu anasema anapiga kutoka makao makuu ya kampuni ya simu au benki. Anajua jina lako, anaongea Kiingereza kizuri, na anasema laini yako itafungwa saa kumi jioni kwa sababu usajili wako una kasoro. Unashangaa jina lako amelipata wapi. Si muujiza. Mtu akianza kutuma fedha kwenye namba yako, jina lako linatokea kwenye simu yake kabla hajamaliza. Analisoma, anaacha kutuma, anakupigia.

Kisha anakuongoza: bonyeza moja, bonyeza tano, andika namba hii, sasa malizia kwa namba yako ya siri "ili tuhakikishe". Wewe unadhani unatengeneza usajili, kumbe unatuma fedha kwake hatua kwa hatua. Wakati mwingine haombi namba ya siri. Anasema: "Kuna ujumbe umeingia una tarakimu sita, nisomee." Tarakimu hizo ni ufunguo wa muda. Akizipata anaweza kuihamisha WhatsApp yako kwenye simu yake, na jioni hiyo ndugu zako wote wanapata ujumbe kwa jina lako: "Nimepata ajali, nitumieni fedha." Wanatuma, maana wanakupenda.

Ofisi ya kweli haihitaji namba yako ya siri kwa kazi yoyote, wala haihitaji umsomee mtu tarakimu zilizoingia kwako. Ukipigiwa, kata. Kisha wewe mwenyewe piga 100, namba ya huduma kwa wateja wa MTN na wa Airtel kila mmoja kwa laini yake, uulize kama kuna tatizo. Kumkatia mtu simu si utovu wa adabu pale mshahara wako unapowindwa.

Hila ya tatu ni lipa kidogo upate kikubwa. Umeshinda pikipiki, lipa 30,000 za kuisafirisha. Mkopo wako umepita, lipa 20,000 za fomu. Na wezi hawa husikiliza habari kama sisi tunavyosikiliza. Sheria ya mfuko wa NSSF ilipobadilishwa Januari 2022, mwanachama aliyefikia umri wa miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 aliruhusiwa kuchukua sehemu ya akiba yake, isiyozidi asilimia 20. Hiyo ni haki ya mfanyakazi, na maombi yake yanapelekwa NSSF kwenyewe. Mtu anayekupigia na kusema jina lako litapita haraka ukimpa "chai" ya karani, huyo hana karani wala jina. Anayetaka kukupa haanzi kwa kukudai.

Hila ya nne ni kupanda na kuvuna. Hii haiji kwa simu tu, inaletwa pia na rafiki, tena kwa nia njema. Weka laki moja, baada ya wiki chache uchukue laki na nusu. Ukimleta mwenzako unaongezwa. Wa kwanza hulipwa kweli, ndiyo maana wanasifu. Lakini wanalipwa kwa fedha za waliokuja nyuma yao. Hakuna shamba, hakuna kiwanda, hakuna duka. Wapya wakipungua, mlango unafungwa. Tanzania waliyaona hayo mwaka 2009 kwa mchezo ulioitwa DECI, ambao watu walialikwa "kupanda mbegu". Hapa Uganda tuliyaona Desemba 2019, wakati Dunamiscoins ilipofunga ofisi zake na kuwaacha maelfu ya watu nje. Sisi tunaokata miwa tunajua kwamba muwa hukaa ardhini zaidi ya mwaka ndipo ukatwe, na bado watu wameupalilia na kuulinda na moto. Fedha inayozaa haraka kuliko muwa, mbolea yake ni fedha ya jirani yako.

Hila ya tano ni kwa wenye simu janja. Unaletewa ujumbe wenye kiungo, yaani mstari wa maandishi ambao ukiugusa unakupeleka kwenye ukurasa. Ukurasa unafanana kabisa na wa benki, wa wizara au wa kampuni inayoajiri. Rangi ni zile zile, nembo ni ile ile. Unaambiwa uandike jina, namba ya kitambulisho na namba ya siri. Lakini ukurasa kupakwa rangi ya benki hakuufanyi uwe benki, kama vile mtu kuvaa sare hakumfanyi awe askari. Kila unachoandika pale kinakwenda moja kwa moja kwa mwizi. Viungo vingine hukutaka upakie programu, na programu hiyo ikiingia inasoma ujumbe wako wote, hata zile tarakimu za siri. Usiingie benki kwa kiungo ulicholetewa. Nenda kwa njia unayoijua, au nenda tawini kwa miguu.

Hila ya sita ni kuteka laini. Mwizi anakwenda kwa wakala mbovu wa simu, anadai laini yako ni yake na imepotea, anapewa kadi mpya. Dalili yake ni kwamba simu yako inapoteza mtandao ghafla, wakati simu za wenzako waliokaa nawe, wa kampuni hiyo hiyo, zina mtandao. Usingoje kesho. Azima simu, piga kwa kampuni yako, uulize kama laini yako imebadilishwa.

KWA NINI WANATUFUATA SISI

Mtu anaweza kuuliza: mwizi anapata nini kwa mchuma chai, si afadhali awafuate matajiri? Jibu ni kwamba tajiri mmoja ana mlinzi, ana mwanasheria, ana meneja wa benki anayempigia simu. Sisi tuko wengi na hatuna hao. Mwizi akituma ujumbe kwa watu elfu moja, wakiitika watano tu amepata.

Zaidi ya hayo, hali zetu za kazi zinamsaidia. Siku ya mshahara inajulikana mji mzima, naye anaijua. Ujumbe wa kampuni za simu huja kwa Kiingereza, na wengi wetu lugha ya kambini ni Kiswahili, au Kilugbara, au Kinyarwanda, kwa hiyo simu hupitishwa mkononi mwa mtu mwingine asome. Asiyejua kusoma humpa wakala simu yake pamoja na namba ya siri, amtolee fedha. Na asiye na kitambulisho kinachotakiwa hawezi kusajili laini kwa jina lake, basi hulipwa kupitia laini ya rafiki au ya nyapara. Wengi wa mawakala na marafiki ni watu wazuri. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na namba ya siri ikishajulikana na watu watatu si siri tena.

Lipo jambo jingine, nalo ni aibu. Aliyetapeliwa hunyamaza. Anaogopa kuchekwa, anaogopa mkewe au mumewe, anakopa kimya kimya kwa mkopeshaji wa riba. Na mwizi yule yule, kwa maneno yale yale, kesho anampigia aliye chumba cha pili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kutapeliwa si ujinga. Wametapeliwa walimu, mapadri na makarani wa benki. Kunyamaza ndiko kunakomlipa mwizi mara ya pili.

ALIYE UPANDE WA PILI WA SIMU

Hapa kuna jambo ambalo kila mwanachama anapaswa kulijua, hasa mwenye kijana anayetafuta kazi ng'ambo.

Katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, kama Myanmar na Kambodia, yamejengwa majumba makubwa yenye kuta na walinzi, ambamo maelfu ya watu hukaa mbele ya kompyuta usiku na mchana wakitapeli watu duniani kote. Wengi wao hawakwenda kuwa wezi. Walisoma matangazo ya kazi nzuri, wakalipiwa tikiti, wakafika, wakanyang'anywa pasipoti. Asiyefikisha kiwango cha siku hupigwa au hunyimwa chakula. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria, katika taarifa yake ya Agosti 2023, kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wameshikiliwa hivyo Myanmar, na wapatao 100,000 Kambodia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu walitolewa katika majumba yaliyo karibu na mpaka wa Thailand, na miongoni mwao walikuwamo vijana wa Uganda, Kenya na Ethiopia.

Sisi wa vyama vya wafanyakazi tunalijua jina la kazi ya namna hiyo: ni utumwa. Tangazo la uongo lililomteka kijana wetu na ujumbe wa uongo uliomwibia mzee wetu vinaweza kuwa vimetoka katika jumba moja. Kwa hiyo tangazo la kazi ng'ambo lipimwe kama ujumbe mwingine wowote. Kampuni zinazoruhusiwa kupeleka watu nje husajiliwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na wizara hutoa orodha yake. Kama kampuni haimo katika orodha, kama mahojiano yote yanafanywa kwa WhatsApp, kama unaambiwa usafiri kwa visa ya mtalii na mkataba utausaini huko huko, basi hiyo si kazi. Ni mtego.

KANUNI ZA KUSHIKA

Ndugu, yatupasa kuzikumbuka kanuni hizi hata tukiwa tumechoka na zamu ya usiku:

1. Namba ya siri ni ya mtu mmoja. Si ya wakala, si ya nyapara, si ya mpenzi. Kama imeshajulikana, ibadilishe leo. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa wala 12345.

2. Asiyejua kusoma asimpe mtu namba ya siri. Ajifunze hatua za kutoa fedha kwa kuhesabu, pamoja na mtoto wake au mwenzake anayemwamini: kwanza bonyeza hapa, pili hapa, na hatua ya mwisho, ya namba ya siri, aifanye mwenyewe. Hata dada na kaka zetu wazee wanaweza kujifunza hayo kwa jioni moja au mbili.

3. Ujumbe wa fedha usiaminiwe mpaka salio lisomwe.

4. Ujumbe usemao "ile fedha tuma kwa namba hii", au ndugu akiomba msaada kwa namba mpya, usijibu kwa maandishi. Piga namba yake ya zamani, usikie sauti yake. Hata sauti siku hizi yaweza kuigwa kwa mitambo, kwa hiyo muulize jambo la nyumbani ambalo mgeni halijui.

5. Usitoe kitambulisho chako mtu asajili laini. Kama muuza laini anakwambia kidole hakikusoma, rudia tena na tena, fahamu kwamba anaweza kuwa anasajili laini ya pili kwa jina lako, na laini hiyo ikiiba, aliyeiba ni wewe. Nenda katika kituo cha kampuni uulize ni laini ngapi zina jina lako.

6. Siku ya mshahara usifanye uamuzi wa fedha ukiwa peke yako na simu sikioni. Kata simu, mwite mwenzako, msomeeni pamoja. Hila nyingi hufa zikisomwa kwa sauti mbele ya watu wawili.

UKIIBIWA

Hapa haraka ina faida, na ndipo pekee. Fedha iliyoibiwa hutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache, lakini kama bado haijatolewa kampuni inaweza kuizuia. Kwa hiyo, kabla ya kulia, piga 100. Taja namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, kiasi na saa. Usifute ujumbe wowote, kwa sababu huo ndio ushahidi. Badilisha namba ya siri. Kama benki inahusika, pigia benki. Kisha nenda polisi uandikishe, upewe namba ya shauri. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inaweza kumpa mtapeli kifungo cha hadi miaka 15, lakini sheria haimshiki mtu ambaye hakuna aliyemshitaki.

Halafu mwambie mwakilishi wako wa tawi siku hiyo hiyo, ili wengine waonywe kabla ya jioni. Na jihadhari na mtapeli wa pili: mara nyingi baada ya siku chache atapiga mtu mwingine akisema anaweza kukurudishia fedha zako ukimlipa kidogo. Huyo ni ndugu wa yule wa kwanza.

Kwa ndugu wanaousoma ukurasa huu ng'ambo ya mpaka: Tanzania, ujumbe wa kitapeli hupelekwa kwa namba 15040, Kenya, wenye laini ya Safaricom huupeleka kwa namba 333.

KAZI YA CHAMA

Mfanyakazi ajilinde, ni sawa. Lakini haiwezekani mzigo wote uwe juu ya mkata miwa, ilhali mwajiri ndiye aliyechagua njia ya kulipa kwa simu, na kampuni za simu ndizo zinazokata ada kila tunapotoa fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mshahara ulipwe kwa mfanyakazi mwenyewe anayestahili, na apewe maandishi yanayoonyesha mshahara wake na makato. Kwa hiyo matawi yetu, wakati wa mazungumzo ya mkataba wa pamoja, yadai mambo haya:

Mshahara uende kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mfanyakazi mwenyewe, na asiye na laini alipwe kwa njia nyingine iliyo halali, si kupitia simu ya nyapara. Orodha zenye majina, namba za vitambulisho na namba za simu zisibandikwe ukutani wala zisiachwe mezani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2019 inamtaka mwajiri azitunze. Mwajiri akibadili njia yoyote ya kulipa, atangaze mbele ya wawakilishi wa chama na kwa lugha ambayo wafanyakazi wanaielewa, ili ujumbe wa mwizi usipate nafasi ya kujifanya tangazo la ofisi. Na mafunzo ya kutumia simu yafanyike ndani ya saa za kazi, kama yanavyofanyika mafunzo ya kuzima moto. Moto huunguza ghala mara moja kwa miaka mingi. Wezi hawa hutuunguza kila mwisho wa mwezi.

Tawi lenyewe nalo lina kazi isiyohitaji kumngoja mwajiri. Katika kila mkutano ziwekwe dakika kumi, mtu yeyote aliyepata ujumbe wa ajabu ausome kwa sauti, watu wauchambue: unatisha nini, unaahidi nini, unaharakisha vipi? Asiwepo wa kucheka aliyeibiwa. Na kila kambi ichague watu wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume, wanaojua kusoma na wanaoaminika, ambao mtu anaweza kuwagongea hata usiku aulize: "Ujumbe huu ni wa kweli?" Kazi yao iwe kusoma na kushauri tu. Namba ya siri hata wao wasiambiwe.

Zamani tulirudi kambini kwa makundi siku ya mshahara, na mwizi wa kwenye miwa akafa njaa. Njia ya kambini imehamia ndani ya simu, lakini dawa haijabadilika. Anayetaka kukuibia atakwambia usimwambie mtu. Basi wewe mwambie mtu.

Umoja ni nguvu.